Kijerumani kikikugomea: dalili za makosa na chanzo chake kwa anayewaza kwa Kiswahili

Makosa mengi ya Kijerumani tunayoyafanya sisi tunaowaza kwa Kiswahili hayatokani na uvivu wa kukariri. Yanatokana na pale tunapozoea kuitafuta habari ndani ya sentensi. Kiswahili hukitwika kitenzi karibu kila kitu. Ukisema "nilimpa", umeshamtaja mtoaji, wakati na mpewaji, na hujataja nomino hata moja. Kijerumani hukiacha kitenzi kikiwa chepesi, kisha mzigo huo huyagawia yale maneno madogo yanayotangulia nomino (der, den, dem, die, das) na nafasi ambayo kitenzi kimekaa katika sentensi. Kwa hiyo ukikosolewa, usikimbilie jedwali kwanza. Tazama dalili, halafu jiulize: habari hii kwa Kiswahili ningeiweka wapi?

Walengwa hapa ni walio kati ya A1 na B2, yaani kuanzia kiwango cha mwanzo cha lugha hadi cha kati cha juu. Kuna anayetafuta cheti cha A1 ili amfuate mwenzi wake Ujerumani, na kuna muuguzi ambaye kwa kawaida hudaiwa B2 kabla taaluma yake haijatambuliwa kule. Mifano mingi nimeitoa wodini, maana huko kosa dogo la sarufi linaweza kugeuza taarifa nzima.

Dalili: unasema "Ich habe ihn geholfen"

Chanzo ni kiambishi chetu -m-. Nilimwona, nilimsaidia, nilimpa, nilimnunulia: kote ni kilekile, hakibagui. Kijerumani kinabagua. Anayetendwa moja kwa moja ni "ihn" (akusativi), anayetendewa ni "ihm" (dativi). Ndiyo maana ni "Ich habe ihn gesehen" lakini "Ich habe ihm ein Buch gegeben".

Waliosoma sarufi ya Kiswahili sekondari nchini Kenya wanakumbuka shamirisho kipozi na shamirisho kitondo, na pengine walijiuliza mambo hayo yatawasaidia nini maishani. Hapa ndipo yanaposaidia. Katika "Mama alimpikia mtoto wali", wali ni kipozi na mtoto ni kitondo. Kipozi kwa Kijerumani huwa akusativi, kitondo huwa dativi.

Kipimo cha haraka ni kauli ya kutendea. Kitenzi cha Kiswahili kikibeba -ia au -ea kwa ajili ya mtu, mtu huyo mara nyingi ataingia kwenye dativi: kumwandikia (ihm schreiben), kumnunulia (ihm kaufen), kumletea (ihm bringen), kumwelezea (ihm erklären). Hata kusaidia, ambacho hakijanyambuliwa hivyo, kinakubali kipimo kwa sauti yake, na "helfen" ni ya dativi.

Kipimo kina mitego miwili. Wa kwanza ni simu. Tunasema "nakupigia", lakini Wajerumani husema "ich rufe dich an", akusativi. Wa pili ni vitenzi visivyo na -ia kwetu ilhali kwao ni vya dativi: danken (kushukuru), folgen (kufuata), glauben (kumwamini mtu), antworten (kujibu), gratulieren (kupongeza). Hivi havina njia ya mkato, vikariri. Kuna pia vile ambavyo havimtaki mtu mpaka vipewe kihusishi: "nakusubiri" si "ich warte dich", ni "ich warte auf dich", na "namkumbuka" ni "ich erinnere mich an ihn".

Kuna sehemu moja ambapo Kiswahili kinatubeba kabisa, na ajabu ni kwamba wengi hatuitumii. Vitenzi kama gefallen, passen, fehlen na wehtun huwasumbua wageni wengi kwa sababu mtu si kiima. Kwetu hilo ni la kawaida. Kichwa kinaniuma: kiima ni kichwa, mimi nimo ndani ya kitenzi. "Der Kopf tut mir weh" imejengwa vilevile. Miguu inaniuma: "Die Füße tun mir weh", kitenzi kinafuata miguu. Shati linanitosha: "Das Hemd passt mir." Nyumba inanipendeza: "Das Haus gefällt mir." Anayesema "Ich tue weh" hajakosea kwa sababu ya Kiswahili, amepitia Kiingereza njiani bila kujua.

Na ukisikia baridi, sema "Mir ist kalt." Ukisikia joto, "Mir ist heiß." Usiseme "Ich bin heiß" mbele ya bosi wako, ataelewa jambo jingine.

Dalili: unaripoti "Er hat geschlafen" na mgonjwa bado anakoroma

Hili ndilo kosa ninaloliona la hatari zaidi, tena vitabu haviligusi kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Muuguzi anakabidhi zamu. Anawaza "mgonjwa wa chumba cha nne amelala", anatafsiri -me- kuwa perfekti (wakati uliopita wenye haben au sein), anasema "Der Patient in Zimmer vier hat geschlafen". Mwenzake anaelewa kwamba mgonjwa alilala na sasa ameamka, anaingia na sinia la dawa na kuwasha taa.

Kiambishi -me- kina kazi mbili. Kuna -me- ya tendo lililokamilika (amefika, amekula) na kuna -me- ya hali inayoendelea kutokana na tendo hilo (amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, ameshiba). Ya kwanza ni perfekti: "Er ist angekommen", "Er hat gegessen". Ya pili kwa Kijerumani ni wakati uliopo: er schläft, er sitzt, er steht, er trägt einen Kittel, er ist müde, er ist satt.

Kipimo: weka neno "bado" mbele. "Bado amelala" inaleta maana, "bado amechoka" pia. "Bado amefika" haisemeki. Ikisemeka, tumia wakati uliopo. Kipimo hiki hakijawahi kuniangusha katika vitenzi vya kila siku.

Kosa la jamii hiyohiyo ni "Ich habe zwei Jahre hier gewohnt" kwa maana ya "nimeishi hapa miaka miwili". Kama bado unaishi hapo, ni "Ich wohne seit zwei Jahren hier". Ile ya kwanza inamwambia Mjerumani kwamba umeshahama.

Wapo pia wanaojitaabisha kuoanisha -li- na preteriti (wakati uliopita wa neno moja, kama "ich war"), -me- na perfekti. Acha. Katika mazungumzo, "nilikula" na "nimekula" zote ni "ich habe gegessen". Preteriti ni ya maandishi na masimulizi, isipokuwa kwa vitenzi vichache vinavyoipenda hata mdomoni: war, hatte, konnte, musste, wollte.

Ukishindwa kuchagua kati ya haben na sein katika perfekti, tafuta mambo mawili: je, kuna kuhama kutoka hapa hadi pale, au kuna kubadilika hali? Kimojawapo kikiwepo, na hakuna kipozi, ni sein. "Er ist eingeschlafen" (ametoka kwenye kuwa macho akaingia usingizini), lakini "er hat gut geschlafen". Bleiben na sein zenyewe hazina mwendo wala mabadiliko, ila zinachukua sein, basi tu.

Dalili: "Morgen ich fahre nach Köln"

Kwa Kiswahili, kutanguliza "kesho" hakuvurugi chochote: kesho naenda, naenda kesho. Kiima chetu kimeungwa na kitenzi, hakiwezi kubanduka. Kijerumani hakina gundi hiyo. Kitenzi kilichonyambuliwa (kile kinachobadilika kufuata kiima) kina kiti chake cha pili, na chochote kikikaa kiti cha kwanza, kiima kinasogea nyuma ya kitenzi: "Morgen fahre ich nach Köln."

Hesabu mafungu, si maneno. "Am Montag um acht Uhr habe ich einen Termin": maneno matano yametangulia lakini yote ni fungu moja la wakati. Kishazi kizima nacho ni fungu moja: "Wenn der Arzt kommt, rufe ich Sie an." Vitenzi viwili vinatazamana juu ya mkato, kommt na rufe. Usipoviona vikitazamana hivyo, rudi uangalie ulichoandika.

Wanaoshindwa zaidi ni wale waliokwisha kuzoea "morgen" na "heute" lakini bado huandika "Deshalb ich bin". Deshalb, dann, trotzdem na vielleicht huhesabiwa, kwa hiyo ni "Deshalb bin ich". Yasiyohesabiwa ni matano tu ya kuanzia: und, aber, oder, denn, sondern.

Baada ya weil, dass, ob, obwohl na wenn, kitenzi kilichonyambuliwa kinakwenda mwisho kabisa: "weil ich gestern gearbeitet habe". Utawasikia Wajerumani wenyewe wakisema "weil ich hab gestern gearbeitet". Ni kweli husema hivyo mtaani. Kwenye mtihani wa kuandika utakatwa alama.

Vitenzi vinavyotengana (anrufen, aufstehen, mitnehmen) vinafuata mantiki hiyohiyo: kiini kinakaa cha pili, kipande cha mbele kinatupwa mwishoni. Msikilizaji hajui maana mpaka asikie neno la mwisho. "Nehmen Sie die Tabletten bitte ein" ni kumwambia mtu azimeze. "Nehmen Sie die Tabletten bitte mit" ni kumwambia aondoke nazo. Ukiishia "Tabletten" kwa sababu umesahau kile kipande, mgonjwa hajui afanye nini. Katika kishazi cha dass vipande hukutana tena: "dass ich um fünf aufstehe".

Dalili: "Der Patient, den ich ihn gesehen habe"

Kosa hili lina harufu ya nyumbani waziwazi. "Mgonjwa ambaye nilimwona": tunamtaja mara mbili, kwenye -ye na kwenye -mw-. Kijerumani humtaja mara moja tu: "der Patient, den ich gesehen habe". Ukishaandika den, dem au der ya kurejesha, pita upya ukifuta kila ihn, ihm na sie inayomrudia mtu yuleyule.

Uchaguzi wa neno lenyewe una hatua mbili. Jinsia na idadi zinatoka kwa nomino iliyotangulia, kama vile -ye, -cho au -lo inavyofuata ngeli. Uhusika (akusativi, dativi na kadhalika) unatoka kwa kitenzi kilichomo ndani ya kishazi: "der Patient, dem ich geholfen habe", kwa sababu helfen inataka dativi. Kuhusu neno Patient lenyewe, likitoka kwenye nominativi (uhusika wa kiima) huongeza -en: ich helfe dem Patienten, ich wasche den Patienten. Kollege na Herr nayo yana tabia hiyo (dem Kollegen, dem Herrn).

Dalili: hujui kama ni "auf dem" au "auf den"

Dawa iko mezani. Weka dawa mezani. Kiambishi -ni hakijali kama kitu kimetulia au kinapelekwa. Kitenzi ndicho kinachosema. Kijerumani kinasema mara mbili, kwenye kitenzi na kwenye artikeli (lile neno dogo kabla ya nomino): "Die Tabletten liegen auf dem Tisch", "Legen Sie die Tabletten auf den Tisch".

Vihusishi vyenye tabia hiyo ni tisa: an, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen. Wengi hufundishwa kwamba palipo na mwendo ni akusativi. Hiyo ni nusu ya ukweli, na ndiyo inayowaponza. Anayekimbia ndani ya bustani ana mwendo mwingi, lakini ni "Ich laufe im Park", dativi, kwa sababu hajavuka mpaka wowote. Akitoka barabarani akaingia bustanini, ndipo "Ich laufe in den Park". Uliza kama kuna mpaka unaovukwa, si kama miguu inatembea.

Usiuingize mtihani huo kwenye vihusishi vingine. Aus, bei, mit, nach, seit, von na zu ni vya dativi siku zote, hata ukienda mbio: "Ich gehe zum Arzt." Durch, für, gegen, ohne na um ni vya akusativi siku zote. Ukiwa safarini, nchi nyingi huchukua nach (nach Kenia, nach Tansania), ila zenye artikeli huchukua in: in die Schweiz, in den Kongo. Mkongomani akijitambulisha atasema "Ich komme aus dem Kongo", huku Mtanzania akisema "aus Tansania" tu. Neno "nyumbani" nalo linagawanyika: ukiwa hapo ni "zu Hause", ukielekea ni "nach Hause".

Dalili: unamwita shangazi "er"

Unajua vizuri kabisa kwamba shangazi ni "sie". Lakini ukizungumza haraka, "yeye" inatoka ikiwa "er", kwa sababu Kiswahili hakijawahi kukudai jinsia ya mtu kabla hujafungua mdomo. Kanuni haitakuponya hapa, unaijua tayari. Kinachoponya ni mazoezi ya mdomo: simulia familia yako kwa dakika chache kila siku, mtu mmoja wa kiume kisha mmoja wa kike, ukibadilisha bila kusimama.

Umiliki ni afadhali kidogo, kwa sababu nusu yake tunayo. "Gari lake, kitabu chake, funguo zake": mwanzo wa neno unafuata kinachomilikiwa. Kijerumani hufanya hivyo mwishoni: sein Auto, seine Tasche, mit seinem Schlüssel. Jipya ni shina, ambalo linamtaja mwenye mali: sein- kwa mwanamume, ihr- kwa mwanamke. Baba yake (wa msichana) ni "ihr Vater", mama yake (wa mvulana) ni "seine Mutter". Amua shina kwanza kwa kumtazama mwenye kitu, kisha mkia kwa kukitazama kitu. Ukifanya vyote kwa pigo moja, utachanganya.

Vitu visivyo na uhai havisumbui sana. Tunasema "ufunguo uko wapi? Uko mezani", si "yeye". Basi "Wo ist der Schlüssel? Er liegt auf dem Tisch" ni upatanisho wa kawaida tu.

Dalili: der, die, das hazikai kichwani

Anayejua ngeli hawezi kulalamika kwamba jinsia za nomino ni wazimu. Mgeni anayejifunza Kiswahili anakutana na zaidi ya tatu. Tofauti ni kwamba kwetu kidokezo kiko kichwani mwa neno (ki-tabu, m-ti) na kwao kiko mkiani, kikiwepo. Zinazoishia -ung, -heit, -keit, -schaft, -tät na -ion ni die. Zenye -chen na -lein ni das, ndiyo sababu msichana ni "das Mädchen". Zenye -ling na -ismus ni der. Neno lililounganishwa hufuata kipande cha mwisho: das Haus, lakini der Hausschlüssel na die Haustür. Yasiyo na dokezo, andika na artikeli yake tangu siku ya kwanza, kamwe si peke yake.

Mikia ya vivumishi ina jedwali la kutisha na wazo moja dogo: ishara ya jinsia na uhusika lazima ionekane mahali fulani. Artikeli ikiionyesha, kivumishi kinapumzika kwa -e au -en (der gute Kaffee, mit dem guten Kaffee). Artikeli isipoionyesha, au isipokuwepo, kivumishi kinaibeba: ein guter Kaffee, mit gutem Kaffee. Ukiwa A2, usikeshe hapa. Mkia wa kivumishi ukikosea, Mjerumani anakuelewa bila shida. Kitenzi kikikaa mahali pabaya, anapotea.

Dalili: wenn, als, wann na ob zinagombana

Angalia kiambishi chako. "Nilipokuwa mtoto", mara moja na imepita: als. "Ninapochoka", "nikichoka": wenn. "Kila nilipomtembelea", imepita lakini ilijirudia: wenn vilevile. "Lini": wann, hata ndani ya swali lisilo la moja kwa moja. Na "kama" inayofuata sijui, uliza au angalia ni ob: "Ich weiß nicht, ob er kommt." Ukiweza kuigeuza "kama" hiyo kuwa "ikiwa" yenye sharti, ndipo wenn inaingia.

Dalili: umejibu "Ja" na hakuna aliyeelewa

"Hujala?" "Ndiyo, sijala." Tunalithibitisha swali lenyewe. Mjerumani akikuuliza "Haben Sie noch nicht gegessen?" nawe ukajibu "Ja", atabaki kukutazama. Yeye hulijibu jambo, halijibu swali. Kama hujala: "Nein, ich habe noch nicht gegessen." Kama umekula: "Doch, ich habe schon gegessen." Doch ipo kwa kazi hii hasa, kukataa ukanushi ulio kwenye swali.

Angalia pia "noch" iliyomo. "Sijala" si "ich habe nicht gegessen" tu. -Ja- yetu inaahidi kwamba tendo laweza kuja, na ahadi hiyo kwa Kijerumani inakaa kwenye noch. Bila hiyo umesema "sikula". Wodini, "Er hat nicht gegessen" inaandikwa kama mgonjwa aliyekikosa chakula, wakati "Er hat noch nicht gegessen" inamfanya mtu apashe moto sahani yake.